Waulizeni Walivyokua: Wito kwa Watoto wa Mwambao wa Rumonge

Ndugu zangu wa Rumonge, Minago, Magara, Kigwena na Nyanza-Lac, pamoja nanyi mliotawanyika kutoka huko mkafika Kigoma, Katavi, Tabora, Ubelgiji na Kanada: mtu aliyezaliwa mwaka tulipopata uhuru, 1962, alikuwa na miaka kumi mambo ya 1972 yalipolipuka. Leo amepita sitini. Aliyekuwa kijana wa kuoa mwaka ule sasa yumo katika sabini na kitu, kama Mungu amemweka. Hao ndio wa mwisho waliolelewa kwenye mwambao wetu kabla haujachanwa, na wengi wao hawajapata mtu wa kukaa nao mkekani akawauliza walivyokua.

Nawaomba tuwaulize, na tuyaandike au tuyarekodi watakayotuambia. Nasema walivyokua, si walivyokimbia.

Tofauti hiyo naitilia mkazo kwa sababu wazee wetu si watu wasioulizwa. Wameulizwa sana. Waliulizwa na maofisa wa wakimbizi walipovuka mpaka, wakaulizwa na wakuu wa makazi kule Tanzania, wakaulizwa tena waliporudi. Tume ya ardhi, ile tunayoijua wote kwa herufi zake CNTB, ilianza kazi 2006 ikawauliza mpaka wa shamba ulipita wapi na ule mti aliupanda nani. Tume ya ukweli na maridhiano, CVR, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, imewauliza nani alichukuliwa na akazikwa wapi. Maswali hayo yalikuwa ya lazima, na sina neno baya juu ya anayemtafutia marehemu kaburi lake. Lakini mtu aliyejibu maswali ya namna hiyo kwa miaka hamsini huzoea kuyaanza maisha yake siku ya kukimbia. Ukimwambia, "Mzee, nisimulie maisha yako," anaanzia Aprili ya 1972. Miaka kumi au ishirini iliyotangulia Aprili anairuka, kana kwamba hakuna aliyeiishi.

Kwa vijana waliofichwa mambo haya nyumbani, na najua ni wengi, niyaseme kwa ufupi. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua watu, wengi wao Watutsi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima kwa miezi kadhaa, wasomi kwanza, yaani walimu, wanafunzi na makarani, kisha hata wakulima wasiojua kusoma. Makadirio ya waliouawa yanaanzia laki moja na kufika laki tatu. Watu wa mwambao walikimbilia Tanzania na Zaire, kwa mitumbwi na kwa miguu. Tanzania iliwapa makazi Ulyankulu huko Tabora, na Katumba upande wa Mpanda, kisha mwaka 1978 ikaongeza Mishamo. Nyuma yao mashamba yaligawiwa watu wengine, na sehemu yake ikaingizwa katika michikichi ya mradi wa serikali. Ndiyo sababu hapa Rumonge utakuta nyumba moja ina mkimbizi aliyerudi, nyumba ya pili ina mtu aliyewekwa pale na serikali akaamini ni pake, na wote wawili wamezika watoto wao katika udongo uleule.

Mwaka 1985 na 1986 mwanaanthropolojia kutoka Finland, Liisa Malkki, alikaa na wakimbizi wetu Mishamo na Kigoma mjini, akawasikiliza. Kitabu chake, Purity and Exile, kilitoka mwaka 1995, na mpaka leo ni vigumu kusoma chochote juu ya wakimbizi wa 1972 bila kukikuta kikitajwa. Aliona jambo ambalo kila aliyelelewa Mishamo au Katumba atalitambua. Kule makazini watu waliishi pamoja wakasimuliana pamoja, hadi habari za mtu mmoja mmoja zikayeyuka na kuwa hadithi moja ya umma mzima: sisi tulikuwa hivi, wao wakatutenda vile. Kigoma mjini mambo yalikuwa mengine. Huko mtu aliishi mtaa mmoja na Waha na Wamanyema, akafanya biashara, akaoa, na hadithi ile kubwa haikumshika kwa namna ileile.

Siwalaumu wa Mishamo. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu hushikilia hadithi inayomrudishia heshima. Na upande wa pili nako zimo familia za Rumonge ambazo wazazi wao waliuawa na waasi katika siku zile za kwanza, nao wana "sisi" yao, na uchungu wao ni wa kweli. Shida ya hadithi za "sisi" ni kwamba hazina nafasi ya mtoto. Mtoto hajui umma. Anamjua jirani kwa jina lake, anamjua mama wa jirani aliyempa kiazi cha moto siku mamaye alipochelewa sokoni, anamjua mbwa wa nyumba ya tatu. Mzee akirudi kwenye umri ule, jirani hurudi kuwa mtu. Nimesikiliza wazee wa pande zote wakifanya hivyo, na sauti zao hubadilika. Kwa hiyo ninapowaomba mrekodi utoto wa vijijini sitafuti burudani ya jioni. Naamini hiyo ni sehemu ya kumbukumbu yetu ambayo hakuna aliyeigeuza silaha bado.

Tena imejaa mambo! Chukua uvuvi peke yake. Aliyezaliwa Minago au Karonda miaka ya 1940 alimwona baba yake akienda ziwani usiku wa giza na moto wa mwenge ukiwaka kwenye mtumbwi, ndagala wakiufuata mwanga, naye akiwachota kwa lusenga, ule wavu wa mviringo wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 wakaja Wagiriki na meli zao za uvuvi kutoka Bujumbura. Zikaja pia katamarani, mitumbwi inayofungwa pamoja ikibeba wavu mkubwa wa kushusha na kuinua, na taa za karabai zikachukua nafasi ya mwenge. Leo wajukuu wanavua kwa taa za betri na za sola. Mtu mmoja, katika maisha yake, amepita mienge, karabai na betri. Nani amemuuliza kuni za mwenge zilikatwa wapi, na nani alizikausha? Wavuvi walifanya nini siku za mbalamwezi, ndagala wasipofuata taa? Mtoto aliruhusiwa kuingia mtumbwini akiwa na umri gani, na siku yake ya kwanza alipewa kazi gani? Upepo wa kusi ukianza kuvuma baada ya masika, wazee walijuaje kwamba leo ziwa halifai?

Pwani ya mchanga ilikuwa mikononi mwa wanawake. Ndagala walianikwa chini, wakageuzwa, mvua ikitishia wakakusanywa mbiombio, na watoto walikuwa walinzi dhidi ya kuku na kunguru. Siku hizi wengi wanaanika juu ya vichanja vya wavu, na samaki wanatoka safi bila mchanga. Ni maendeleo mazuri. Lakini bibi aliyeanika mchangani miaka thelathini anajua bei zilivyopangwa, anawajua wanawake walioshuka na maharage kutoka Burambi na Buyengero wakapanda na ndagala na mawese, anajua nani alikopesha nani, na deni lililipwaje mwaka ambao ziwa halikutoa kitu.

Na michikichi. Rumonge bila mawese si Rumonge. Mwanamume alipanda na mkanda kiunoni, akakata kichala. Kichala kikaachwa siku kadhaa mpaka chikichi zikalegea. Zikachemshwa, zikatwangwa, zikakamuliwa, mafuta yakaenguliwa juu ya maji ya moto. Kokwa zilipasuliwa kwa ajili ya mafuta mengine, makapi yakarudi mekoni kuwasha moto wa kesho, na sabuni ikapikwa papo hapo. Kila hatua ilikuwa na mwenyewe: kazi hii ya kina baba, hii ya kina mama, hii ya watoto. Mradi wa serikali ulipoleta mbegu mpya na mashine, kazi hizo zilihama mikono, na pesa nazo zikahama mikono. Nani alinufaika na nani alibaki mikono mitupu? Jibu liko kwa wanawake wenye miaka sabini, walio hai, wanaokaa nyuma ya soko.

Lugha nazo. Mtoto wa Rumonge aliamka kwa Kirundi, akashuka ufukweni akakuta Kiswahili cha watu wa Ujiji, cha Wabembe waliovuka kutoka Baraka na cha walimu wa madrasa, kisha padri akamfundisha kusoma, na mwalimu akamchapa kwa Kifaransa. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili sasa kinafundishwa shuleni kama jambo jipya. Kwenye mwambao huu kina umri mkubwa kuliko Burundi ya mipaka ya leo, na waliokiokota mchangani wakiwa watoto wangali wanaishi.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisitulie, nayo ni ziwa lenyewe. Tangu mwisho wa muongo uliopita maji ya Tanganyika yamepanda, yakameza nyumba, mashamba na njia kutoka Gatumba hadi kusini. Watu wanahama wakishangaa, kana kwamba jambo hili halijapata kutokea. Limepata kutokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa zililipandisha ziwa, na mwaka 1964 likafika juu sana. Aliyekuwa na miaka tisa wakati ule anakumbuka mtumbwi ulifungwa kwenye mti gani, nyumba ya nani iliondolewa, na maji yalichukua muda gani kurudi. Sheria ya maji ya 2012 inataka watu wasijenge ndani ya mita 150 kutoka ziwani. Wengi tumeipuuza sheria hiyo kwa sababu inatoka Bujumbura na haina sura. Mzee akisimama Kizuka au Kagongo akanyoosha fimbo, "Maji yalifika hapa, mimi nikiwa mtoto," mwenye kiwanja atasikia kwa namna nyingine. Ushuhuda huo unaweza kuokoa nyumba za wajukuu zetu, na wenye nao wanazikwa kila mwezi.

Tazameni jambo moja la kale. Mapadri Weupe walifika Rumonge mwaka 1879, na tarehe 4 Mei 1881 wawili wao, Toussaint Deniaud na Dominique Augier, pamoja na mlei Félix d'Hoop, waliuawa hapo katika ugomvi na jirani zao Wabikari juu ya mtoto ambaye misheni ilikuwa imemkomboa. Majina ya hao watatu yamehifadhiwa kwa heshima, kama inavyostahili. Mtoto, ambaye ugomvi wote ulikuwa juu yake, anatajwa kama mtoto tu. Alitoka mlima gani, mama yake alikuwa nani, alitaka kukaa na nani? Hakuna aliyemwekea nafasi ya kusema.

Sasa vukeni ziwa kwa fikra mpaka Karema, ng'ambo ya Tanzania. Mapadri wa shirika lilelile walikuwa wamemkomboa utumwani mtoto mwingine, aliyezaliwa mbali sana, karibu na Timbuktu. Walimsomesha utabibu huko Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu wa mwambao ule hadi kufa kwake mwaka 1956. Ni Adrian Atiman. Masimulizi ya maisha yake, aliyoyatoa mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Kwa hiyo Atiman tunaye: tunajua alivyoibwa na alivyouzwa, na alivyogeuka tabibu wa watu waliompokea. Ziwa ni moja, na tofauti ya watoto hao wawili ni kwamba mmoja alifika uzeeni akapata mtu wa kumsikiliza na karatasi ya kuandikia.

Kiswahili hakijawahi kudharau maisha ya mtu wa kijijini. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, hakuanza na sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay. Alianza na Fumba, kijiji cha wafinyanzi Unguja, na binti aliyebeba vyungu kwenda kuviuza mjini. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili na yakachapishwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na njia zake zilipita papa hapa ziwani. Mwenye misafara ya watumwa amesikika. Waliokuwa wakilima mihogo kando ya njia zake hawajasikika.

Siku hizi Burundi imepata vitabu vinavyosomwa duniani. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura 1982, aliandika Petit Pays, kikatuzwa Ufaransa mwaka 2016. Ni kitabu kizuri, na utoto uliomo ni wa mtaa wa mjini wenye miembe na magari. Karibu zaidi na sisi yuko Deogratias Niyizonkiza, mtoto wa mlimani, aliyebeba mihogo kutoka mashamba ya karibu na ziwa akaipandisha kwao Butanza, akanusurika vita iliyoanza 1993, akafika New York bila kujua Kiingereza, akalala bustanini na baadaye akasoma udaktari. Mwandishi Mmarekani Tracy Kidder aliyaandika maisha hayo katika kitabu kilichotoka 2009. Niyizonkiza alirudi, na kituo chake cha afya cha Kigutu, kwenye milima inayotazama ziwa juu ya Rumonge, kinajulikana nchi nzima. Barabara ya kupandia huko wanakijiji waliitengeneza wenyewe kwa majembe, bure, baada ya kampuni kutaja bei isiyowezekana. Nashukuru kwamba kitabu hicho kipo. Lakini hao waliochimba barabara, wake kwa waume, kila mmoja ana utoto wake, na si haki kwamba ili maisha ya mtoto wa milima hiyo yaandikwe ni lazima kwanza afike New York.

Basi tufanyeje? Nitasema niliyoyaona yakifaa.

Nenda kwa mzee wakati wake, si wakati wako. Mvuvi aliyestaafu ana usingizi mchana. Mama wa sokoni ana nafasi baada ya magharibi. Piga hodi, mwamkie, kaa chini, peleka sukari au sabuni kama adabu ya kwetu inavyotaka. Mwambie waziwazi unataka nini na utaifanyia nini. Kama ni babu yako mzaa baba au bibi yako mzaa mama, usidhani kwamba damu inakupa ruhusa; omba. Simu ya mkononi inatosha kurekodi, ukiizima milio na kuiweka karibu na mdomo wake, mbali na kuku. Acha aseme kwa lugha inayomjia, Kirundi, Kiswahili, au vyote viwili ndani ya sentensi moja, kama tunavyosema sote hapa.

Usianze na vita. Anza na maji: nyumbani kwenu mlichota wapi? Kijito kiliitwaje, ni Dama au Murembwe, au mfereji usio na jina kwenye ramani? Uliza chakula cha asubuhi, nani alilala chumba kimoja na nani, nani alikuwa mkali, mlicheza mchezo gani. Uliza aliyemkunga mama yake, na aliyewatibu watoto wakipata degedege, na kama walikwenda kuoga maji ya moto ya Mugara. Uliza msitu wa Kigwena walikuwa wakiuingia kutafuta nini. Mwulize majina ya jirani wa kulia na wa kushoto. Miaka usiitafute kwa tarakimu. Itafute kwa mambo. Ilikuwa kabla Rwagasore hajauawa au baada yake? Mwami alikuwapo bado, au tayari ni jamhuri ya Micombero? Ziwa lilikuwa limepanda? Mzee asiyejua alizaliwa mwaka gani atakupa mwaka kwa njia hiyo bila kukosea sana.

Akifika mwenyewe kwenye 1972, au 1993, au kule kukimbilia Kagunga mwaka 2015 kungojea meli ya Liemba, nyamaza umsikilize. Asipofika, usimsukume. Kuna mlango ambao mtu ameufunga ili aweze kuishi, na funguo ni zake. Akilia, zima simu, kaa naye. Usiondoke mpaka amekunywa chai. Akimtaja mtu kwa tuhuma, jina hilo lisitoke mikononi mwako kwenda kwenye mtandao wala kwenye maandishi ya kugawa. Na akitaja mipaka ya shamba lenye kesi, mwambie kwa upole kwamba hilo lina mahali pake, kwa wazee wa bashingantahe na mahakamani. Tukigeuza masimulizi haya kuwa ushahidi wa kesi, kesho kila mlango wa Rumonge utafungwa kwetu, na itakuwa sawa kabisa kutufungia.

Nendeni kwa wote. Nasisitiza hapa kwa sababu najua tulivyo: kila mmoja wetu ataanza na wa kwake na kuishia kwa wa kwake. Nendeni kwa waliorudi na kwa waliowakuta hapa. Nendeni kwenye kijiji cha amani cha Mutambara, ambako waliokosa ardhi walijengewa nyumba pamoja, na kwa familia za Kiislamu za mjini, na kwa Batwa waliofinyanga vyungu tulivyopikia sote, ambao hata katika masimulizi yetu ya huzuni huwa tunawasahau. Nanyi mlioko Katumba, Ulyankulu na Mishamo, mlio miongoni mwa watu wapatao 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania, msiseme hili halituhusu tena. Wazazi wenu walilelewa huku, ninyi mkalelewa katika mashamba waliyoyafyeka porini kwa mikono yao. Utoto wa Katumba, mistari ya nyumba, shule, tumbaku, kibali cha kutoka nje ya makazi, nao ni utoto wa mwambao wa Rumonge kwa njia yake, na wajukuu wenu Watanzania watauuliza.

Vijana wenye diploma mnaokaa barazani mkisubiri kazi, nina neno nanyi hasa. Marekani, kati ya 1936 na 1938, wakati wa ukosefu mkubwa wa kazi, serikali iliwaajiri waandishi wasio na kazi, ikawatuma kwenye vibaraza vya wazee waliokuwa wamezaliwa watumwa. Walikusanya masimulizi zaidi ya 2,300. Utumwa ulikuwa umekwisha miaka sabini kabla, na wengi walikuwa wameshakufa, na walioulizwa walikuwa watoto wakati ule; lakini leo hakuna anayeandika historia ya utumwa wa Marekani bila kufungua masimulizi hayo. Sisi hatuna serikali ya kutulipa kwa kazi hiyo, nami sitawadanganya kwamba ina mshahara. Ila tuko miaka hamsini na kitu tu kutoka 1972. Tumewahi kuliko wao.

Walimu wa Kiswahili wa Rumonge, acheni kuwapa wanafunzi insha ya "Siku nitakayoikumbuka" kila muhula. Wapeni kazi ya kwenda kwa mzee mmoja na kurudi na kurasa mbili juu ya jinsi alivyojifunza kuogelea au kukamua mawese. Makosa ya sarufi msahihishe, maneno ya mzee myaache. Watangazaji wa Izere FM, mnaotangazia papa hapa, robo saa kwa wiki ya sauti ya mzee mmoja itasikilizwa mpaka ng'ambo. Maimamu, mapadri na wachungaji, daftari zenu za ndoa na ubatizo zina tarehe ambazo wazee wamezisahau. Wafungulieni vijana wakija kwa adabu. Na ninyi mlioko Ulaya na Amerika mnaotuma pesa za sikukuu, tumeni pia simu moja yenye nafasi ya kutosha ya kuhifadhia sauti, na mkipiga kuwajulia hali wazazi, ongezeni swali moja la utotoni kila mara.

Rekodi ikikamilika, msikilizishe mzee kwanza. Atakalotaka litolewe, litoe mbele yake. Kisha weka nakala tatu: moja kwa familia yake, moja shuleni au parokiani au msikitini, moja kwako, na kila moja iwe na jina lake kama amekubali, mahali alipokulia, na tarehe mliyozungumza. Usiiache kwenye simu peke yake. Simu huanguka ziwani.

Anza na yule uliyemfikiria uliposoma mistari ya kwanza. Nenda kwake wiki hii.